Mbegu ya nyanya ni kinzani. Dhidi ya nani?

Ingia duka lolote la pembejeo jijini Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa au katikati ya mji, uulize mbegu ya nyanya inayohimili magonjwa. Hutatoka mikono mitupu. Utaoneshwa chotara za bei ya kuumiza, utaoneshwa zile za kopo tulizozizoea tangu zamani, na karibu zote zitasifiwa kwa neno moja: kinzani. Geuza paketi. Chini kabisa, kwa maandishi yanayodai miwani, kuna herufi: V, F, N, pengine Fol:0,1, pengine TYLCV, pengine HR au IR. Hizo hazina msomaji. Muuzaji anataja jina, siku za kuvuna na bei. Mnunuzi anauliza kama tunda litavumilia safari ndani ya tenga. Na bado, katika paketi nzima, pamoja na picha ya nyanya nyekundu kupita kiasi, herufi hizo ndizo pekee zinazosema jambo linaloweza kupimwa likathibitika au likakanushwa.

Hoja yangu ni hii. Hakuna nyanya iliyo kinzani hivi hivi. Kuna nyanya yenye jeni fulani, inayomzuia mdudu au kijidudu fulani, wa mbari fulani (yaani aina ndogo ndani ya kijidudu kilekile), katika joto fulani. Ukiondoa kimoja kati ya hivyo, ukinzani umeondoka hata kama jeni imebaki. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunalipia jeni bila kujua nani yumo kwenye udongo wetu na bila kuuliza kama jeni yenyewe inafanya kazi kwenye joto letu. Halafu mche ukinyauka tunasema tumeuziwa mbegu feki. Mbegu feki zipo, sikatai. Ila si kila mche unaokufa umekufa kwa ulaghai.

Msingi wa elimu hii haukuanzia kwenye nyanya. Mmarekani Harold Flor, akifanya kazi North Dakota, alichunguza kwa miaka mingi zao la kitani na ugonjwa wake wa kutu. Kufikia miaka ya 1940 alikuwa ameona mpangilio wa ajabu: kila jeni ya ukinzani ndani ya mmea ina mwenzake ndani ya kisababishi cha ugonjwa. Mmea hupona pale tu wawili hao wanapokutana. Mwenzake akibadilika au akipotea, jeni ya mmea hubaki palepale, nzima kabisa, haina kazi. Ilichukua nusu karne kuipata kwa mkono jeni ya namna hiyo, na ilipopatikana ilikuwa ya nyanya: Pto, mwaka 1993, katika Chuo Kikuu cha Cornell, jeni inayozuia bakteria wa madoa madogo meusi. Mwaka uliofuata kundi la Jonathan Jones huko Norwich, Uingereza, likatangaza Cf-9, inayozuia ukungu wa majani.

Msukuma hahitaji maelezo marefu kuhusu jeni hizi zinavyofanya kazi. Sungusungu walipozuka Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, nguvu yao ilikuwa kumtambua mtu na kupiga yowe. Protini inayotengenezwa na jeni ya ukinzani ni sungusungu anayemjua mwizi mmoja kwa sura. Bakteria au fangasi akipenyeza protini zake ndani ya seli ili kuilegeza kinga, na moja ya protini hizo ikatambuliwa, yowe hupigwa. Seli iliyoingiliwa hujiua yenyewe pamoja na mgeni wake, na ugonjwa huishia kwenye kidoa kisichoonekana kwa macho. Akija mwizi mwingine, au yuleyule akiwa amebadili sura, anapita mlangoni kama mgeni wa harusi.

Kuna jambo hapa ambalo huwa linanichekesha. Zile mbegu za kopo tunazozidharau ni maarufu sana maabara. Rio Grande iliyoongezewa Pto ndiyo mmea ambao watafiti wa bakteria wa nyanya wameutumia kwa miongo mingi. Na Moneymaker, ambayo bado wapo wanaoiapia kando ya ziwa, hutumika Ulaya kama mmea usio na kinga: watafiti huichukua Moneymaker tupu, wanaiingizia jeni za Cf moja moja kwa kuichavusha, kisha wanalinganisha iliyopewa na isiyopewa. Imechaguliwa kwa sababu inaugua vizuri. Ukiipanda Magu ukashangaa inaugua, ujue haikusalitiwa na hali ya hewa peke yake.

Mfano unaoonesha vizuri mbio za jeni na kisababishi ni ule wa mnyauko fuzari, ile F ya kwenye paketi. Mwaka 1940 Bohn na Tucker, watafiti wa Marekani, waliandika kwamba nyanya mwitu yenye matunda ya sentimita moja hivi, Solanum pimpinellifolium, haiuguzwi kabisa na fangasi huyo. Jeni yake ikapewa jina la herufi moja, I. Ikaingizwa kwenye nyanya za shambani kwa kuchavusha na kurudia kuchavusha. Mwaka 1945 tu, kule Ohio, ikaripotiwa mbari ya pili ya fangasi iliyoipita I kana kwamba haipo. Wakatafuta tena kwenye nyanya mwitu wakapata I-2. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mbari ya tatu ikaonekana Queensland, Australia, na jibu lake, I-3, likatoka kwa nyanya mwitu nyingine, Solanum pennellii ya Peru.

Miaka mingi baadaye sababu ilifahamika, na ni ya werevu wa kutisha. Protini ya fangasi inayotambuliwa na I ndiyo hiyo hiyo inayompa fangasi uwezo wa kuzipumbaza I-2 na I-3. Akiibeba, anajificha mbele ya hizo mbili lakini anakamatwa na I. Akiitupa, anaikwepa I lakini anabaki hana pa kujificha. Ndiyo maana mzalishaji wa mbegu makini hakuitupa I kwa kuwa "imeshindwa" mwaka 1945. Jeni iliyovunjwa ikiwa peke yake bado ina thamani ikikaa pamoja na wenzake. Ndiyo maana pia herufi F peke yake haitoshi kukueleza kitu. Inabidi uone tarakimu zinazoifuata, na hata hizo zina mtego: mbari ambayo kwa hesabu ya zamani ya Kimarekani ni 1, kwa hesabu inayotumika sasa kwenye paketi nyingi ni 0. Fol:0,1 ya leo (Fol ni fangasi huyohuyo wa fuzari) ni mbari ya 1 na ya 2 za vitabu vya zamani. Sijui nani alidhani mkulima wa Misungwi atalijua hilo.

Sasa njoo shambani, Kisesa au Nassa au kando ya mto Simiyu, msimu wa kiangazi ambapo pampu zinavuta maji na nyanya zimeanza kufunga matunda. Mche uliokuwa mzima jana umelala leo mchana, majani bado mabichi. Mwenye shamba alinunua mbegu yenye VF. Hasira yake inaeleweka, ila F haikuwahi kumwahidi alichokitaka. Fuzari huanza taratibu: majani ya chini hugeuka njano, mara nyingi upande mmoja wa mmea, na ukipasua shina unaona mishipa ya kahawia. Mmea unaolala ghafla ukiwa wa kijani huenda umeshikwa na bakteria, Ralstonia, ambaye hapendi baridi, anasafiri kwenye maji ya kumwagilia na kwenye jembe, na anaishi kwenye mamia ya aina za mimea, ikiwamo viazi mviringo, pilipili na magugu kadhaa. Kumtambua hakuhitaji maabara. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache, kama ni bakteria, utaona uzi mweupe wa maziwa ukishuka kutoka kwenye jeraha. Kwa fuzari hakuna uzi.

Glasi moja ya maji, na kesi ya mbegu feki inaweza kufutwa. Na ile V je? Ni ya fangasi wa vetisiliamu, anayependa zaidi udongo wa baridi. Mkulima wa Luseni, yaani wa udongo ule wa kichanga unaoufahamu kila Msukuma, anailipia herufi iliyoandikiwa watu wa mbali.

Kwa Ralstonia habari ni ngumu kuliko kwa fuzari, na hapa ndipo neno kinzani linapopotosha zaidi. Hakuna jeni moja kubwa ya kumzuia. Nyanya iliyosimama imara kuliko zote katika majaribio ya nchi nyingi inaitwa Hawaii 7996, na ukinzani wake umetawanyika kwenye sehemu kadhaa za kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni. Mbili zinazojulikana zaidi ziko kwenye kromosomu ya 6 na ya 12. Kila sehemu inachangia kiasi, na mchango wenyewe hubadilika kufuatana na aina ya bakteria na joto la mahali. Mzalishaji akiziacha baadhi njiani, anabaki na mmea unaojikokota. Akizichukua zote, mara nyingi anachukua na matunda madogo, maana ukinzani huo umekuwa ukiandamana na udogo wa tunda. Nenda Soko Kuu la Mwanza na tenga la nyanya ndogo uone utapewa bei gani. Soko nalo ni mchujo, na linawachuja wakulima wetu kuelekea kwenye mimea dhaifu.

Jeni ambayo ningependa kila mkulima wa mwambao wa ziwa aijue ni Mi-1, ile N ya paketi, inayozuia minyoo fundo. Ukiing'oa nyanya ukakuta mizizi imevimba vinundu vinundu, hao ndio. Historia yake ni ya bahati tupu. Nyanya mwitu ya Peru, Solanum peruvianum, ilikuwa na ukinzani huo, lakini haizai na nyanya ya kawaida. Ukizichavusha, kiinitete hufia ndani ya tunda. Mwaka 1944 Paul Smith, huko California, alikitoa kiinitete kingali hai na kukilea kwenye chupa hadi kikawa mmea. Nyanya za biashara zenye Mi-1 tunazozipanda dunia nzima zinatokana na mche huo mmoja. Jeni yenyewe ilitambuliwa rasmi mwaka 1998, na ikaonekana kwamba inapunguza hata baadhi ya vidukari na nzi weupe.

Ina udhaifu mmoja, unaojulikana kwa miaka mingi, na usioandikwa kwenye paketi kwa herufi kubwa: joto la udongo likizidi nyuzi 28 hivi za Selsiasi, Mi-1 huzimika. Haijavunjwa na minyoo. Imezimwa na joto. Udongo wa kichanga ulioachwa wazi juani, Agosti au Septemba, hupita hapo kirahisi kwenye sentimita za juu ambako mizizi michanga na minyoo wako pamoja. Mkulima aliyelipia N, akapalilia shamba likabaki jeupe kama uwanja wa mpira ili lionekane safi, amejizimia jeni yake kwa jembe. Jirani yake aliyetandaza nyasi kavu ameipa jeni hiyohiyo nafasi ya kufanya kazi. Tumezoea kuambiwa matandazo ni ya kuhifadhi unyevu. Kwa mwenye mbegu yenye Mi-1, matandazo ni sehemu ya ukinzani alioununua. Bwana shamba anayefundisha mbegu bora Jumatatu na matandazo Alhamisi, kama mada mbili, amepitwa na kiini cha jambo.

Na Mi-1 haizuii minyoo wote. Inawazuia aina tatu kuu za maeneo ya joto, haiwazuii wengine, akiwamo Meloidogyne enterolobii. Ndiyo maana paketi za siku hizi huandika Ma, Mi, Mj, vifupisho vya majina ya aina hizo tatu, badala ya N tupu. 

Tufike kwenye rasta. Majani yanajikunja, yanakuwa madogo na ya njano pembeni, mche unadumaa, maua yanapukutika. Hivi ni virusi vinavyobebwa na nzi weupe, na sisi wa Kanda ya Ziwa tunapaswa kuwa mabingwa wa somo hili kwa sababu tumelipia ada yake kwenye mihogo. Batobato ya mihogo husababishwa na virusi wa ukoo uleule, na msambazaji ni nzi mweupe wa kundi lilelile, Bemisia tabaci. Katika miaka ya 1990 batobato kali iliyoanzia Uganda ilizunguka ziwa. Chanzo kilikuwa virusi wawili waliobadilishana vipande ndani ya mmea mmoja wakazaa wa tatu mbaya zaidi. Na dawa ya kudumu ilikuwa mbegu, iliyojengwa juu ya kazi iliyoanzia Amani, Tanga, katika miaka ya 1930, pale Storey na Nichols walipouchavusha muhogo na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará. Nyanya mwitu wa Peru na mpira wa Ceará wametufundisha kitu kilekile: kinga ilibaki porini tulipokuwa tunachagua utamu na ukubwa.

Kwa rasta ya nyanya jeni inayotajwa zaidi ni Ty-1, kutoka Solanum chilense. Ilipotambuliwa mwaka 2013 iliwashangaza wengi, maana si sungusungu wa aina niliyoeleza. Hapigi yowe, na seli haijiui. Ni kimeng'enya kinachoimarisha mfumo wa mmea wa kuzima jeni za kigeni: virusi huingia, huzaliana kidogo, lakini huwekewa alama za kemikali zinazozibana jeni zao. Maana yake ni kubwa kwa majirani. Mmea wenye Ty-1 unaweza kubeba virusi na kuonekana mzima. Nzi weupe wakinyonya pale, wakaruka hadi kwenye shamba la pili lenye Moneymaker, wamepeleka ugonjwa kutoka shamba linalosifiwa kwa afya. Na ukinzani huo hudhoofika mmea ukiambukizwa pia virusi vya batobato ya matango, vinavyoshambulia matango, maboga na mazao mengine mengi. Kuchanganya mazao bila kufikiri kuna gharama yake.

Kuna Ty-2 pia, kutoka Solanum habrochaites, nayo ni sungusungu wa kawaida: inawajua virusi fulani, wengine inawaachia njia. Hapa swali la mahali linarudi kwa nguvu. Jeni hizi zilichujwa kwa kupimwa zaidi dhidi ya virusi vya nchi za mbali. Tangu 1997 imechapishwa kwamba nyanya za Tanzania zina virusi vyake vya kukunja majani, tofauti na vile vya Mashariki ya Kati, hata vikapewa jina la nchi yetu. Paketi inaposema TYLCV, kifupi cha virusi vya rasta, inataja virusi vya kule. Huenda jeni ikavizuia na vya hapa. Kwa Ty-1 matumaini ni makubwa kuliko kwa Ty-2. Lakini matumaini si jaribio la shambani.

Ty-1 na Mi-1 zinakaa jirani kwenye kromosomu ya 6, kila moja ndani ya kipande kilicholetwa kutoka kwa nyanya mwitu, vipande ambavyo mpangilio wake umepinduka na havipendi kukatika na kuungana upya. Kuziweka zote mbili kwenye kromosomu moja kumewahangaisha wazalishaji. Njia ya mkato ni chotara: mama alete moja, baba alete nyingine. Ndiyo sababu moja ya kweli, mbali na biashara, inayofanya chotara ziwe na orodha ndefu ya herufi. Na ndiyo sababu kukamua mbegu za chotara ni hasara isiyoonekana. Chotara ina nakala moja moja. Kwa jeni moja, robo ya watoto huikosa. Kwa jeni nne zilizo mbalimbali, miche inayobaki nazo zote ni 81 kati ya 256, haifiki theluthi. Kwa Mi-1 na Ty-1 zilizotazamana kama nilivyoeleza, nusu tu ya miche ndiyo huwa nazo zote mbili. Shamba la namna hiyo halifi lote. Linaugua vipande vipande, na mwenyewe analaumu udongo. Simlaumu anayekamua, maana bei ya gramu chache za chotara inashinda mtaji wa vijana wengi wanaokodi kipande kando ya maji. Lakini kama ni kukamua, kamua zile zisizo chotara. Tengeru 97 na Tanya, zilizotokana na kazi ya utafiti ya Arusha, hukaa zilivyo kizazi hadi kizazi.

Niseme kwa haraka kuhusu uvumi wa kwamba mbegu hizi ni za GMO, yaani zilizopandikizwa jeni maabara. Jeni zote nilizozitaja ziliingia kwenye nyanya za biashara kwa kuchavusha, zikisaidiwa na chupa ya maabara kama ya Smith. Anayezikwepa kwa hofu hiyo anakwepa kitu kingine.

Na kwa kantangaze, yule kiwavi anayetoboa majani na matunda, kwenye mbegu za dukani hakuna jeni ya kujivunia. Nyanya mwitu kama Solanum pennellii wana vinyweleo vinavyotoa utomvu wa kunata unaomkera, lakini sifa hiyo inaendeshwa na jeni nyingi na bado haijatua vizuri kwenye nyanya tunazokula. Basi tunapiga dawa, tena karibu na maji tunayoyachota, ingawa Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo. Hili lingetosha kuwa sababu ya kuthamini kila jeni inayofanya kazi kweli: inatupunguzia bomba moja mgongoni.

Kinachokosekana kwetu, kwa maoni yangu, ni kujua tunapigana na nani, zaidi ya mbegu zenyewe. Mkoa huu una Ukiriguru, pale Misungwi, kituo ambacho pamba zake za jina la UK zilijengwa kuhimili bakteria wa pamba na chawajani wa Usukuma hasa, kwa kuchujwa kwenye mashamba ya Usukuma. Elimu ya kumjua adui wa mahali kabla ya kuchagua jeni ipo hapo kwa miongo mingi. Ila pamba ina bodi, nyanya haina; nyanya ni zao la vijana na akina mama, linauzwa kwa tenga na sado, na utafiti wake haupewi uzito ule wa pamba. Ningetaka kuona sampuli za udongo na majani kutoka Ukerewe, Sengerema, Magu na Busega zikipimwa: mbari ipi ya fuzari, aina gani ya Ralstonia, minyoo ipi, virusi gani vya rasta. Ningetaka majaribio ya nyanya Ukiriguru yenye kipima joto cha udongo. Na ningetaka TOSCI, inayothibitisha mbegu, idai herufi za paketi zielezwe kwa Kiswahili: inazuia nini, mbari zipi, na kama ni HR au IR, maana HR ni ukinzani wa juu na IR ni ukinzani wa kati, unaoweza kulegea ugonjwa ukizidi.

Wakati hayo yakisubiri bajeti, kuna njia isiyosubiri. Mche wa nyanya hupandikizwa juu ya shina la bilinganya lenye ukinzani dhidi ya Ralstonia. Kituo cha dunia cha mboga, chenye ofisi Arusha, kimeifundisha mbinu hii kwa miaka mingi, na mizizi ya bilinganya huvumilia hata maji yanayotuama, shida isiyo ngeni kwa walio kando ya ziwa. Miche iliyounganishwa hukaa siku kadhaa kwenye kivuli chenye unyevu, kisha hupandwa kiungo kikiwa juu ya ardhi. Ukikifukia, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na bakteria ataingilia hapo. Uzuri wake kwa hoja hii ni kwamba mzigo wa jeni unagawanywa. Juu unachagua nyanya yenye Ty-1 na tunda ambalo Soko Kuu linalitaka. Chini unachagua mzizi wa kupambana na vilivyomo ardhini. Mzalishaji hahitaji tena kulazimisha kila kitu kikae kwenye mmea mmoja, na wenye vitalu vya miche wa Kisesa na Buhongwa wana bidhaa ya kuuza ambayo paketi ya mbegu haiwezi kuileta.